Kipokeo cha Mwezi Ujao

Watu husema chama chetu kilikufa pamoja na kiwanda. Wanalisema hilo mbele yangu, msibani, sokoni, kwenye foleni ya kuchukua dawa, tena kwa sauti ya kunipa pole. Mama, enzi zenu zilikuwa nzuri. Zilikuwa! Huwa nawatazama tu. Nani aliwaambia zimekwisha? Siku ile waliyotaka kukizika chama nilikuwepo, kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu, na najua maziko yale hayakukamilika. Ukiwaachia watu wasimulie habari zako watakufukia ukiwa unapumua, kwa hiyo leo nasimulia mwenyewe.

Chama kilikuwa cha maonyesho ya muziki. Hakikuwa na ofisi wala mtu wa kulipwa. Jumapili moja ya kila mwezi tulikutana kwenye ukumbi wa kiwanda cha nguo, nje kidogo ya geti, upande wa Kihonda. Mimi nilikuwa mfumaji humo kiwandani, nimekuja Morogoro kutoka Singida nikiwa bibi harusi, simjui mtu, na watu wa kwanza kunijua mjini hapa walikuwa watu wa chama. Menejimenti ilitupa ukumbi bure, wakati ule kiwanda kikiwa cha umma na meneja mwenyewe akiitwa ndugu. Ila ukumbi haukuwa na viti. Kila mtu alikuja na chake.

Basi mji ukatubatiza jina, watu wa viti. Mimi nilitoka Mafiga na stuli yangu kichwani. Walimu wa Kilakala walifunga viti vya kukunja nyuma ya baiskeli. Familia moja ilikuwa inakuja na benchi la jikoni, baba mbele, mama nyuma, na benchi lile lilikuwa linanuka dagaa miaka yote. Ukichelewa ulikaa nyuma, hata uwe bwana mkubwa gani, maana kiti ulikuja nacho mwenyewe na nafasi ya mbele ilikuwa ya aliyewahi. Nani afagie, nani aje na karabai ya kufungia ukumbi giza likiingia, nani awatafutie wageni maji ya kunywa, yote tuligawana. Nilianza na ufagio. Uenyekiti walinipa baadaye, na ufagio sikuuacha.

Sasa utaratibu wetu. Sikilizeni vizuri, maana mambo yote yalitokana na huo.

Onyesho lilianza Waislamu wakishaswali alasiri na Wakristo wakishashusha ubwabwa wa Jumapili, na lilitakiwa kukoma kabla ya magharibi. Siku ya kwanza kabisa ulizuka ugomvi. Kwaya ya kanisa walitaka kuanza kwa sababu wao ndio walioomba ukumbi. Akina mama wa taarabu walitaka kuanza kwa sababu walikuwa wameshajipamba na jasho lilikuwa linawaharibia. Wapiga ngoma wa Kiluguru, waliokuwa wametembea kushuka mlimani tangu asubuhi, waliwasikiliza, wakachoka, wakaanza kufunga ngoma zao warudi. Mpaka wakapatanishwa muda ulikuwa umekwenda. Bendi ya matarumbeta ya kiwanda, ambao ndio wenyeji na walikubali kuwa wa mwisho, walikuwa katikati ya wimbo wao adhana ya magharibi ikasikika kutoka msikiti wa jirani. Wakashusha matarumbeta. Nusu yao walikuwa Waislamu na nusu Wakristo, wakashusha wote. Watu wakabeba viti wakaenda zao, wimbo umebaki hewani.

Mwezi uliofuata ugomvi ulianza tena pale pale ulipoishia, nani wa kwanza, nani wa mwisho. Mpiga tarumbeta mkuu, fundi wa idara ya rangi, mtu wa Tabora, mrefu, mkimya, mikono ya buluu hadi kwenye viwiko kwa sababu ya kazi yake, hakumwomba mtu ruhusa. Alisimama akapuliza ule mstari aliokuwa ameukatisha. Akakata pale pale. Wapiga ngoma, sijui hata kama waliamua au mikono ilijiendea, wakaudaka ule mstari, wakaupeleka kwao, ukawa ngoma ya mlimani. Ugomvi ukafa. Kwaya walipopanda walianza na pale ngoma ilipoachia, na akina mama wa taarabu wakaanza na pale kwaya walipoachia.

Tukauita ule mstari kipokeo, na ikawa sheria. Kila kikundi kinaanza na mkia wa kikundi kilichotangulia, kisha ndiyo kinaingia kwenye chake. Bendi inamalizia, adhana ikiingia inasimama, na kilichosimama kwa adhana hakimaliziwi siku hiyo. Kinapokewa mwezi ujao, na mpokeaji wa kwanza ni wapiga ngoma. Hakuna wa kwanza na hakuna wa mwisho. Mchungaji alipowauliza wanakwaya inakuwaje wanaanza na sauti ya taarabu, walimjibu kwamba wanapokea sauti tu, maneno wanaweka ya kwao. Na kule kwa akina mama waume zao waliuliza swali hilo hilo, wakapewa jibu hilo hilo.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, miaka na miaka, na onyesho letu lilikuwa moja tu. Lilikuwa linapumzika, halafu linaendelea.

Ndipo ikaja ruksa, biashara ikaachiwa huru. Sitaki mtu aniambie kwamba ruksa ilikuwa mbaya yote, maana nilipanga foleni ya sabuni na mtoto mgongoni, nayajua. Maduka yalijaa. Sukari ikaonekana hapa hapa kwetu inakotengenezwa. Lakini na marobota ya mitumba yakaja, na mtu aliyeweza kununua gauni la mtumba kwa bei ya chee hakuwa na haja ya kitambaa chetu, kitambaa kizito, cheusi ni cheusi, chekundu ni chekundu, hakichuji. Mashine zikaanza kusimama moja moja. Neno ndugu likapotea midomoni mwa watu, wakaanza kuitana bosi. Asubuhi moja zamu yetu nzima tuliambiwa tumepunguzwa.

Kupunguzwa! Kama chumvi kwenye mchuzi. Nililia, na sikulilia njaa, nililia aibu. Mikono yangu ilikuwa inajua kitu kimoja na kile kitu kilikuwa hakitakiwi tena. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kabla yangu, alikuwa ameshaanza kulima mahindi, akanikuta nimekaa jikoni sijawasha moto. Hakunibembeleza, si mtu wa kubembeleza. Aliniuliza Jumapili ile si ndiyo Jumapili ya onyesho. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza, sasa na huko nako wamekupunguza?

Niliinuka nikachukua stuli yangu. Siku ile nikaapa moyoni. Kazi walikuwa wameichukua na sikuwa na la kufanya. Chama hawachukui. Wataukuta mwili wangu umekaa juu yake.

Na kumbe ndicho kilichokuwa kinafuata. Kiwanda kilipofungwa kabisa akaja mfilisi, na vitu vikaanza kuuzwa kimoja kimoja, na ukumbi ukanunuliwa na mfanyabiashara mmoja wa mjini. Nisimseme vibaya kuliko alivyokuwa. Alikuwa bado kijana, ana adabu zake, alinipa shikamoo kila aliponiona na aliniita mama. Alikuja kwenye kikao cha kamati na kreti la soda, akasema hana ugomvi na sisi, biashara ni biashara. Tukitaka kuendelea, tutoze kiingilio na tumlipe pango. Tusipoweza, yeye yuko tayari kutupa ukumbi kwa onyesho moja la mwisho, la heshima, na mgeni rasmi atamleta yeye. Onyesho la kuaga.

Mweka hazina wetu alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, mtu mzuri, anayependa mambo yaende kwa mpango. Alisema tusijidanganye. Wanachama wengi wamepunguzwa, wengine wameshafunga mizigo wanarudi mikoani kwao, kiingilio watakilipa na nini? Bora tufunge kwa heshima kuliko kufa kidogo kidogo. Maji yakimwagika hayazoleki, akasema.

Nikamuuliza ni nani aliyeyamwaga.

Akasema tuamue kwa kura. Tukapiga kura ya mikono, na mikono ikasimama ya kuaga, mmoja mmoja, hawanitazami usoni. Nilishindwa. Na kwa kuwa mimi ndiye mwenyekiti, wakanipa mimi kazi ya kusimama mwisho na kutangaza kwamba chama kimefungwa. Nilitoka pale nimeghadhibika kiasi kwamba nilifika Mafiga ndipo nikakumbuka stuli. Mume wangu akasema, umekwenda na kiti umerudi na hasira, sasa tutakalia nini?

Kamati ikapanga mazishi. Bendi wangepiga ule wimbo wao wa mwisho na, kwa mara ya kwanza, wangeumaliza. Hapo ndipo tulipogundua jambo la ajabu. Hakuna aliyekuwa anajua unavyoisha. Yule mpiga tarumbeta alikuwa amefundishwa na mtu huko Tabora utotoni, na tangu afike Morogoro alikuwa hajawahi kuufikisha mwisho hata mara moja, adhana ilikuwa inamwahi, na hata siku adhana ilipochelewa alishazoea kukata pale. Mwisho wenyewe ulikuwa umemtoka kichwani. Ikabidi waubuni. Mazoezini niliwasikia wakihangaika, huyu anakwenda juu, huyu anakwenda chini, mmoja amekwisha wengine bado wanapuliza. Mpiga tarumbeta alikuwa anafuta mdomo anatikisa kichwa. Mwishowe wakapata mwisho wa kuridhisha, mzuri tu, kama wa bendi ya gwaride. Niliuchukia.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa, watu na viti vyao, mpaka nje kwenye ngazi. Na mgeni rasmi akachelewa. Mnawajua wageni rasmi. Tulisubiri tumekaa, kwaya wamevaa majoho yao wanatokwa jasho, akina mama wa taarabu wanajipepea, watoto wanalia. Mfanyabiashara alikataa tuanze mpaka bwana mkubwa afike. Jua likateremka, na wingu likashuka likakalia Uluguru kama linavyofanya jioni. Alipofika hatimaye, ikabidi kila kikundi kiimbe mbio mbio. Hata hivyo walipokezana. Kwa mara ya mwisho, kila mmoja alikuwa anafikiri hivyo, na nilimwona mama mmoja wa taarabu akidaka sauti ya kwaya huku machozi yanamharibia wanja wake wote.

Kisha bendi. Nilikuwa nimesimama pembeni, kipaza sauti nimeshapewa na kimeshawashwa, najipangia kichwani maneno ya kufunga. Wakapiga vizuri, sijawahi kuwasikia wakipiga vizuri vile. Wakaukaribia ule mstari. Wakauingia. Na adhana ya magharibi ikasikika.

Mpiga tarumbeta akashusha tarumbeta lake.

Bendi nzima ikashusha. Walikuwa wamefanya mazoezi ya kumaliza wiki nzima nzima, na mikono yao ikawasaliti wote kwa pamoja. Mgeni rasmi alidhani wimbo umekwisha, akapiga makofi peke yake, akaona hakuna anayemfuata, akaacha. Adhana ikaendelea mpaka mwisho wake na hakuna aliyejongea. Mpiga tarumbeta alinitazama, uso wake uso wa mtu aliyeacha chungu motoni akaenda kupiga soga. Baadaye aliniapia kwamba hakukusudia, mkono ulishuka wenyewe, na namwamini, maana yule bwana uongo alikuwa hauwezi.

Mfanyabiashara akanijia haraka, ameinama kidogo kwa heshima.

"Mama, wamalizie basi. Dakika mbili tu."

Nilitaka kusema sawa. Ndiyo iliyokuwa kazi yangu siku ile, kura ilikuwa imeshapigwa. Nikafungua mdomo na kilichotoka kilikuwa kingine.

"Kilichosimama kwa adhana hupokewa mwezi ujao."

"Mwezi ujao ukumbi si wenu, mama."

"Ukumbi chukua, baba. Wimbo haujaisha."

Nilikuwa nimesahau kwamba kipaza sauti kiko wazi. Maneno yakaenda mpaka kwenye ngazi. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna vigelegele. Nilisikia tu miguu ya viti ikikwaruza sakafu, mmoja, halafu mwingine, halafu ukumbi mzima. Watu walibeba viti vyao wakatoka kama walivyokuwa wanatoka kila mwezi, wanaagana, wanaulizana mahindi yanaendeleaje. Mgeni rasmi alibaki kwenye kiti chake kizuri cha kukodi na hotuba yake haijasomwa. Mhadhiri alinifuata nje akaniambia nimekiaibisha chama mbele ya mkubwa. Nikamwambia kwanza akubali kwamba kuna chama cha kuaibishwa. Akaondoka amenuna.

Ilikuwa rahisi kusema pale. Mwezi uliofuata ndio ulionila.

Mfilisi alikuja na gari akabeba matarumbeta yote, ni mali ya kiwanda, akayauza sijui wapi. Ukumbi ukapakwa rangi, ukafungwa spika, ukatangazwa kwamba kila Jumapili mchana kutakuwa na disko toto. Mhadhiri alikuwa anawaambia watu kwamba kwa taratibu zote chama kimeshafungwa, kilichobaki ni ukaidi wa mwenyekiti. Na mimi usiku na mchana nilikuwa nafikiri jambo moja. Kipokeo kisipopokewa kimekufa. Mwenye zamu ya kupokea ni wapiga ngoma, na wapiga ngoma wako juu mlimani, na masika ya mwaka ule yalikuwa yamekata njia ya kwao, udongo umeporomoka na mgomba na kila kitu. Simu hakuna. Niliwatuma akina mama wanaoteremsha mboga sokoni, niliwaambia wawaambie tu kwamba ni uwanja ulio ng'ambo ya barabara, mbele ya ukumbi, saa ile ile. Mmoja akaniahidi, mwingine akacheka akasema kwa matope haya, dada, hata mbuzi hatembei.

Siku yenyewe nilitaka kubaki nyumbani. Nasema kweli, niliogopa. Kupigiwa kura na kushindwa ni jambo moja, kukaa uwanjani peke yako na stuli, mji mzima unakuona, ni jambo jingine. Mume wangu ndiye aliyeichukua ile stuli akaiweka kichwani kwake, mwanamume mzima, na kiti chake begani, akatangulia. Njiani wenzake wakamtania kwamba ameolewa. Akawajibu kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na hakugeuka nyuma.

Tukakaa, wawili. Nyasi zilikuwa zimelowa. Ng'ambo ya barabara spika zilikuwa zinadunda mpaka tunazisikia kifuani, na watoto walikuwa wanaingia na nguo zao za sikukuu, wakitupita wanauliza wale wazee wanasubiri gari gani. Manyunyu yakaanza. Kisha akaja mwalimu mmoja na kiti cha kukunja, akatuamkia, akakaa. Wakaja watu wa benchi la dagaa, baba mbele, mama nyuma. Wakaja wanakwaya, si wote. Wakaja akina mama wa taarabu na miavuli. Mhadhiri naye nilimwona kwa mbali, amesimama chini ya mwavuli wake kando ya barabara, hana kiti, anajifanya mpita njia. Mpiga tarumbeta alikuja akasimama nyuma kabisa ya watu wote, mikono mitupu, ameificha mgongoni.

Wapiga ngoma hawakuwepo.

Tukasubiri. Watu wakaanza kutazama angani na kutazamana. Mwanakwaya mmoja akaniambia kwa upole kwamba labda wao wapokee safari hii, Mungu anajua hali ilivyo. Nikakataa. Zamu si yao. Tukianza kurukana zamu siku ya shida tutakuwa tumefunga chama wenyewe, hakuna haja ya kumsingizia mtu. Nilikataa kwa sauti kali, maana machozi yalikuwa karibu na sikutaka wayaone. Nilikuwa najua kwamba watu hawa watakaa mpaka manyunyu yawe mvua, kisha watabeba viti vyao kwa adabu, wataniambia pole mama, na ndiyo itakuwa basi. Kazi, ukumbi, na hiki.

Walitokea upande wa shamba la mkonge, si upande wa mlimani tuliokuwa tunautazama. Matope yalikuwa yamewapanda mpaka mapajani. Walikuwa wamezunguka mlima wote kukwepa njia iliyokatika, ngoma wamezifunga nailoni na kuzibeba kichwani, na wao wenyewe wamelowa chapachapa. Hawakutusimulia safari. Kiongozi wao alinipa shikamoo, akafungua nailoni, akaipapasa ngozi kuona kama imelegea, akasema kwa lafudhi yake ya mlimani, "Haya, tupeni."

Watu wakageuka wote kumtazama mpiga tarumbeta. Yeye akatazama chini.

"Sina kitu, mama. Wamechukua."

"Mdomo wamekuachia," nikamwambia.

Kisha akaitoa mikono mgongoni, ile mikono ya buluu, rangi ilikuwa haijatoka na kiwanda kimeshafungwa, akaikunja mbele ya midomo kana kwamba tarumbeta limo. Na akapuliza. Ilikuwa sauti ya mtu tu, ya midomo na mate, inakwaruza, mwanzoni mtoto mmoja alicheka. Hakuacha. Akaupeleka mstari ule wote, kila pindo lake, na alipofika pale pale akakata.

Kwa kitambo kidogo kulikuwa na spika peke yake. Halafu ngoma zikapokea.

Sitasema zilizishinda zile spika, maana umeme ni umeme. Ila watoto wakaanza kuja kwenye uzio wa ukumbi kuchungulia, kisha wakatoka getini na soda zao mikononi, wakavuka barabara, wakawa wanacheza kwenye matope na nguo za sikukuu. Kwaya wakapokea kwa wapiga ngoma, na taarabu wakapokea kwa kwaya. Mhadhiri alikuwa ametoweka pale kando ya barabara, nikasema moyoni aende salama, kumbe alikwenda kuazima kiti kwenye duka la soda. Alikuja nacho kichwani, akakaa nyuma, maana alikuwa amechelewa.

Baadaye mlinzi wa ukumbi alivuka barabara. Zamani alikuwa mlinzi wa geti la kiwanda, tulikuwa tunamjua, na alikuja polepole kwa haya. Alisimama mbele yangu akavua kofia, akasema ametumwa, bosi anauliza tunamaliza saa ngapi, maana wateja wake wote wako huku.

Nikamwambia, "Mwambie tukimaliza tutamwita."

Sijamwita mpaka leo.